Je, bendi kongwe za Pwani zingali na uwezo wa kutoa albamu nzuri?

MGENI anayezuru Diani, awe ametua katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda au amevuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya kuelekea Lunga Lunga, hukosa mambo mengi akitaka, lakini ni nadra akose kuusikia wimbo wa Jambo Bwana. Ataimbiwa anapokaribishwa hotelini, au ataimbiwa wakati wa chajio na wanamuziki waliovaa mashati ya kitenge, nyuma yao bahari, mbele yao meza za wageni.

Wimbo huo ulirekodiwa na bendi ya Them Mushrooms mwaka wa 1982. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa wana watoto wao. Hata hivyo, baadhi ya wanamuziki wanaouimba katika hoteli za Pwani ni watu wa makamo na wazee walioanza kuupiga wakiwa vijana, na huenda wakaupiga tena kesho na kesho kutwa.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wapenzi wa muziki wamekuwa wakiulizana kwa muda mrefu. Je, bendi iliyozeeka ingali na uwezo wa kutunga nyimbo mpya na kutoa albamu ya kusikilizwa kwa ubora wake, au kazi yake iliyosalia ni kurudia zile zilizoipa jina?

Swali hili si la Pwani pekee. Nchini Uingereza limekuwa likiulizwa kuhusu bendi za hevi metali, ule muziki wa magitaa mazito na ngoma za kishindo uliochipuka katika mji wa viwanda wa Birmingham mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengi waliamini kwamba muziki wa aina hiyo, unaodai nguvu za mwili na hasira za ujana, hauwezi kuchezwa na mababu.

Matokeo yaliwashangaza. Bendi ya Black Sabbath ilitoa albamu iitwayo 13 mwaka wa 2013, nayo ikapanda hadi nambari ya kwanza Uingereza, nafasi ambayo bendi hiyo haikuwa imeipata huko tangu albamu yake ya Paranoid ya mwaka wa 1970. Judas Priest, iliyoanzishwa mwaka wa 1969, ilitoa Firepower mwaka wa 2018 na Invincible Shield mwaka wa 2024. Wakati huo mwimbaji wake, Rob Halford, alikuwa na umri wa miaka 72, na wahakiki wengi walizipokea albamu zote mbili kwa sifa.

Ikiwa wazee wa Birmingham wameweza, wazee wa Mombasa na Kwale wanazuiwa na nini?

Wimbo mmoja, mzigo mmoja

Them Mushrooms, ambayo baadaye ilijiita pia Uyoga, iliundwa mjini Mombasa mwaka wa 1972 na ndugu wa familia ya Harrison. Mtunzi wa Jambo Bwana alikuwa mmoja wao, Teddy Kalanda Harrison. Kama bendi nyingi za Pwani za wakati huo, riziki yao ilitoka katika hoteli za watalii, na wimbo wenyewe ulizaliwa katika mazingira hayo. Ni salamu kwa mgeni, maneno machache mepesi ambayo mtu asiyejua Kiswahili anaweza kuyashika kwa usiku mmoja.

Ulienea kupita matarajio ya yeyote. Kundi la Boney M la Ujerumani lilitoa toleo lake mwaka wa 1983. Safari Sound Band, kundi jingine la Pwani lililojulikana sana na watalii, nalo lilikuwa na toleo lake. Tangu hapo bendi, kwaya na watumbuizaji wasiohesabika wameuimba, wengi wao bila kumtaja mtunzi.

Mafanikio ya namna hiyo ni baraka, lakini pia ni mzigo. Them Mushrooms walikuwa na mengi zaidi ya salamu. Walipiga rege, walipiga chakacha, ile ngoma ya wanawake wa Kiswahili ichezwayo harusini, na walitoa nyimbo kama Nyambura, Embe Dodo na Ndogo Ndogo ambazo Wakenya wa rika fulani wanazikumbuka vyema. Vivyo hivyo Mombasa Roots, bendi nyingine ya ndugu wa damu, waliichukua chakacha na kuivalisha magitaa na vinanda vya umeme katika miaka ya 1980. Lakini ukiwauliza wageni wengi wa Diani wautaje wimbo wa bendi ya Pwani ya Kenya, jibu litakuwa lile lile.

Hoteli na harusi

Ili kuelewa kwa nini bendi kongwe za Pwani hazitoi nyimbo mpya kwa wingi, yafaa kwanza kuitazama kazi ya hotelini inavyoendeshwa.

Mtalii hukaa Diani wiki moja au mbili, kisha hurudi kwao na nafasi yake hushikwa na mwingine. Kwa hiyo bendi ya hoteli haina wasikilizaji wa kudumu. Kila baada ya siku chache hadhira yote huwa mpya, na kila hadhira mpya hutaka kuusikia wimbo ambao imewahi kuusikia. Mwanamuziki anaweza kupiga katika ukumbi mmoja kwa miaka 10 asipate hata mtu mmoja wa kumwuliza, "Mna wimbo gani mpya?"

Mwenye hoteli naye anaajiri bendi ili wageni wafurahi wakila. Hana haja ya wimbo wa dakika nane unaosimulia mgogoro wa shamba la urithi. Anahitaji nyimbo takriban 20 zinazojulikana, sauti isiyozidi mazungumzo ya mezani, na mwisho wa onyesho kabla ya wageni kulala. Katika hali hiyo, kutunga wimbo mpya ni kazi isiyo na malipo.

Sasa na tutoke ufuoni, tuvuke barabara kuu, tuingie katika harusi huko Ukunda, Kinondo, Gazi au Msambweni. Hapa mambo ni kinyume. Mashangazi waliohudhuria harusi ya mwezi uliopita ndio hao hao waliohudhuria ya leo. Wanazijua nyimbo, wanayajua mafumbo yake, na wanamjua aliyelengwa na kila fumbo. Bendi ya bango au kikundi cha taarabu kikija na yale yale ya mwaka jana, kitaambiwa wazi. Mwimbaji hulazimika kuongeza beti, kutia majina ya wenye shughuli, kubuni kijembe kipya, na kuichanganya midundo ya zamani na inayopendwa na vijana.

Kwa maneno mengine, hotelini wasikilizaji hubadilika na wimbo hubaki. Harusini wasikilizaji hubaki na wimbo hubadilika. Tofauti hii ina uzito zaidi ya umri wa mwanamuziki. Mzee anayepigia watu wanaomjua hubaki mtunzi. Kijana anayepigia wapita njia, hata akiwa na kipaji kikubwa namna gani, aweza kukauka kabla hajafika miaka 40.

Mwanamuziki Joseph Ngala, mpiga saksafoni wa Freretown anayetambuliwa kuwa baba wa mtindo wa bango, ni kielelezo cha jambo hili. Aliendelea kupanda jukwaani akiwa na zaidi ya miaka 80, na hadhira yake kuu ilikuwa wenyeji wa Pwani katika harusi na sherehe zao.

Umri hupunguza nini, huongeza nini?

Haitakuwa haki kudai kwamba uzee hauna athari yoyote. Sauti ya mwimbaji hushuka na kupoteza noti za juu. Pumzi ya mpiga saksafoni au nzumari hupungua. Vidole vya mpiga gitaa hupata ugumu, hasa katika midundo ya kasi. Bendi nyingi hukabiliana na hali hiyo kwa kuteremsha ufunguo wa nyimbo zao na kupunguza mwendo. Msikilizaji makini huitambua tofauti hiyo mara moja.

Wapo walioamua kustaafu kabla ya hadhira kuwaamulia. Mohamed Khamis Juma Bhalo, nguli wa taarabu aliyezaliwa mwaka wa 1942, aliacha kuimba hadharani mwaka wa 2007, miaka saba kabla ya kifo chake. Uamuzi huo uliwahuzunisha mashabiki, lakini uliiacha heshima ya sauti yake bila doa.

Lakini kuna yanayoongezeka. Mpigaji mkongwe hujua mahali pa kunyamaza. Kijana hujaza kila nafasi kwa noti. Mzee huacha nafasi wimbo uvute pumzi. Maneno nayo hupata uzito mwingine yakitoka katika kinywa cha aliyeyaishi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka wa 2013, alipata sifa yake kubwa ya kimataifa katika uzee wake, na mwaka wa 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Sauti yake wakati huo ilikuwa ya mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo watu waliyoifuata.

Ndiyo maana wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Ngoma inayokesha ina mpigaji anayejua kugawa nguvu zake usiku kucha.

Kilichowasaidia waliofaulu

Tukizichunguza albamu nzuri zilizotolewa na wanamuziki waliokula chumvi, tutaona kwamba nyingi zina mambo matatu yanayofanana.

Jambo la kwanza ni damu mpya. Judas Priest walimwingiza mpiga gitaa Richie Faulkner mwaka wa 2011, mtu aliyezaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya bendi hiyo kuanzishwa. Black Sabbath walimtumia mtayarishaji Rick Rubin, aliyewahimiza waurudie mwendo wa albamu zao za mwanzo. Mgeni wa aina hiyo huwa na ujasiri wa kuwaambia wazee kwamba wimbo fulani haujaiva, neno ambalo wenzao wa miaka 40 huona haya kulisema.

Jambo la pili ni kurejea kwenye chimbuko kwa masikio mapya. Hapa Kenya ina mfano wake. Them Mushrooms walihamia Nairobi mwaka wa 1987, wakaachana na utaratibu wa hoteli za Pwani kila usiku. Baada ya hapo walishirikiana na mwimbaji wa taarabu Malika, na pia na Fundi Konde, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka wa 1924 katika nchi ya Wagiriama na kupata umaarufu kwa gitaa na sauti yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Konde alikuwa ameuweka muziki kando kwa miaka mingi. Akiwa na zaidi ya miaka 60, aliingia tena studioni akiwa amezungukwa na bendi iliyokulia katika ardhi ile ile ya Pwani.

Ushirikiano huo uliwafaa wote wawili. Mzee alipata bendi hodari, nayo bendi iliyojulikana kwa salamu za watalii ikaonyesha kwamba ina mizizi mirefu. Mwaka wa 1994 rekodi za Konde za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa na kutolewa upya, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa wakati wake kikamsikia. Alifariki mwaka wa 2000 akiwa amekwisha kurudi katika kumbukumbu za watu.

Cuba ilishuhudia jambo kama hilo mwaka wa 1996, pale wazee waliokuwa wamesahauliwa walipokusanywa Havana kurekodi albamu ya Buena Vista Social Club. Mmoja wao, Compay Segundo, alikuwa amezaliwa mwaka wa 1907. Albamu hiyo ilipotoka mwaka wa 1997 ilinunuliwa na mamilioni ya watu duniani.

Jambo la tatu ni kuitazama bendi kama chama kinachorithishwa. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka wa 1905. Waasisi wake wote wameshatangulia mbele ya haki, lakini mwaka wa 2005 kikundi kilitimiza karne moja kikiwa na albamu mpya. Katika kundi kama hilo kijana hujifunza udi au fidla ubavuni mwa mkubwa wake, na mkubwa anapoondoka kiti hakibaki kitupu. Bendi za Pwani ya Kenya, nyingi zikiwa za ndugu wa tumbo moja au za marafiki wa rika moja, zinakosa mpango huo. Wanaanza pamoja, wanazeeka pamoja, na bendi inaondoka pamoja nao.

Gharama na haki

Mbali na hayo matatu, kuna suala la fedha. Wakati wa Jambo Bwana, kampuni ya rekodi ilimlipia mwanamuziki gharama za studio, ikachapa santuri, ikazisambaza. Kampuni kubwa za kimataifa kama PolyGram baadaye ziliondoka Kenya, na biashara ya kanda ikaliwa na maharamia waliozinakili usiku na kuziuza asubuhi. Leo bendi hujilipia yenyewe siku za studio, kisha huuweka wimbo kwenye intaneti, ambako malipo ya kila usikilizaji ni sehemu ndogo sana ya shilingi.

Bendi ya hoteli haina akiba ya kugharimia kazi hiyo, kwani pato lake hutegemea hali ya utalii, na utalii wa Pwani Kusini umepigwa dhoruba mara kwa mara. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwatimua wageni. Maonyo ya usafiri ya nchi za Magharibi mwaka wa 2014 yalizifanya hoteli kufunga milango. Mwaka wa 2020 janga la corona lilisimamisha ndege. Hoteli inapokosa wageni, haiwezi kumfuta mpishi na kumbakisha mpiga ngoma.

Aidha, wanamuziki wengi hawazijui haki zao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inatenganisha utunzi na rekodi. Utunzi hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipofanywa. Kwa hesabu hiyo, rekodi iliyofanywa mwaka wa 1982 ulinzi wake hukoma mwishoni mwa 2032.

Maana yake kwa mzee wa bendi ni hii. Anayeimba wimbo wa mtu mwingine kila usiku kwa miaka 30 hupata ujira wa usiku ule tu. Anayetunga na kurekodi wimbo wake, hata akiwa na miaka 70, anaacha mali ambayo watoto na wajukuu wake wanaweza kuidai. Albamu ya uzeeni, basi, inaweza kuwa urithi kama lilivyo shamba la minazi.

Kinachopotea

Teddy Kalanda alifariki mwaka wa 2024. Mwaka uliofuata Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, alifariki mwezi Julai, majuma machache baada ya onyesho la kuaga jijini Birmingham. Magazeti ya nchi nyingi yalimkumbuka Ozzy kwa rekodi za zaidi ya miaka 50, za ujanani na za uzeeni, ambazo msikilizaji anaweza kuzipanga na kuona safari yote ya mtu. Mtunzi wetu alikumbukwa zaidi kwa wimbo mmoja.

Katika Kwale hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa yapo mengi ambayo hayajawahi kuingia studioni. Wadigo wana sengenya, ngoma yenye mpangilio wa ngoma kadhaa na nzumari, na wana chivoti, filimbi ya kupulizwa kwa ubavu. Wengi wa wanaozijua vyema ni watu wazima. Bendi zilizokaa Diani kwa miongo kadhaa ziko umbali wa mwendo mfupi wa matatu kutoka kwa wapigaji hao, na huenda baadhi ya wanabendi ni wajukuu wao. Bendi iliyoshiba uzoefu wa magitaa, ikikutana na nzumari ya Msambweni katika studio nzuri, ingekuwa na malighafi ya albamu ambayo hakuna kijana wa Nairobi wala mtayarishaji wa Ulaya angeweza kuibuni.

Kwa hiyo jibu la swali ni ndiyo: bendi iliyozeeka yaweza kutoa albamu nzuri. Haitakuwa albamu ya ujanani, na msikilizaji anayeingoja hiyo atasikitika. Lakini inahitaji hadhira inayoijua na kuidai mambo mapya, inahitaji vijana ndani yake, na inahitaji mtu wa kugharimia siku chache za studio.

Wenye hoteli wanaweza kuchangia kwa kutenga usiku mmoja kwa wiki ambapo bendi hupiga tungo zake yenyewe na wenyeji wa Ukunda hukaribishwa kusikiliza. Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo utamaduni ni miongoni mwa majukumu iliyokabidhiwa na Katiba ya 2010, inaweza kuwapa wanamuziki mahali pa kurekodia. Nao wazee wenyewe wanaweza kuanza kwa jambo dogo lisilogharimu chochote: watakapoimbiwa waimbe Jambo Bwana, waimbe, kisha kabla ya kuweka magitaa chini, wapige wimbo mmoja ambao mgeni hajawahi kuusikia.